Friji la kawaida, nofrosti au difriza: lipi linakufaa ukiwa Mtwara au Lindi?

Pesa ya korosho ikianza kuingia, minada ya Oktoba ikishafunguliwa, ndipo kaya nyingi huku Kusini hununua vitu vikubwa vya nyumba: bati, kitanda, pikipiki, friji. Kwenye friji ndiko naona watu wakiumia zaidi. Bati unalishika ukajua unene wake, lakini friji unaona mlango tu. Mtu anafungua, anafunga, anatazama taa ya ndani, anauliza bei, anapakia kwenye kirikuu. Mambo manne yanayoamua kama litamfaa yameandikwa kwenye kibandiko cha ubavuni au kwenye kitabu chake, na hayakusomwa.

Mambo hayo ni haya: linaweza kugandisha kilo ngapi za chakula kibichi kwa saa 24, linakaa na ubaridi saa ngapi umeme ukikatika, linakula uniti ngapi kwa mwaka, na limetengenezwa kwa ajili ya nchi yenye joto gani. Lita, rangi na mpini wa mlango vinakuja baadaye. Nitalinganisha aina tatu zinazouzwa sana kwa kufuata mambo hayo, nikimfikiria mtu anayeishi pwani yenye joto, hewa ya chumvi, samaki wa kununua kwa mkupuo na umeme usiotabirika.

Tunazungumzia nini

Friji la kawaida ni lile la mlango mmoja au miwili ambalo kuta za friza (sehemu yake ya kugandisha) zenyewe ndizo zinazopoa. Barafu hujijenga kwenye kuta hizo, na kazi ya kuiyeyusha ni yako.

Nofrosti ina feni inayosukuma hewa baridi kila pembe, na hita ndogo inayowaka kila baada ya saa kadhaa kuyeyusha barafu iliyojificha nyuma ya ukuta wa ndani. Maji yake hushuka kwenye kisahani juu ya kompresa na kukauka kwa joto la kompresa. Wewe huoni barafu kabisa.

Difriza ni boksi la kufungulia juu. Baadhi lina swichi ya kuligeuza liwe la kupoza tu bila kugandisha, lakini kwa asili yake limeumbwa kugandisha.

Umeme ukikatika

Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikuwa nje ya gridi ya Taifa. Umeme wetu ulitoka kwenye mitambo ya gesi ya Mtwara, gesi yenyewe ikitoka Mnazi Bay kule Msimbati, na mtambo mmoja ukisimama mikoa yote miwili ilijua. Ndiyo maana mtu akiniambia anatafuta friji simuulizi anataka lita ngapi. Namuuliza: likizimika saa nne usiku, asubuhi utakuta nini ndani?

Wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani hutoa kanuni hii: sehemu ya kupoza hulinda chakula kwa saa 4 hivi ikiwa mlango haukufunguliwa, friza lililojaa hukaa na ugandaji wake kwa saa 48, na lililojaa nusu saa 24. Lakini kanuni hiyo inafikiria mafriza makubwa kwenye nyumba zenye ubaridi. Friza dogo la juu la friji la lita 150, ndani ya jiko la Chikongola mwezi Desemba, halifiki huko.

Hapa ndipo kitabu kinasaidia. Mafriji mengi, hasa yanayofuata taratibu za Ulaya, huandikwa muda unaochukua friza kupanda kutoka nyuzi 18 chini ya sifuri hadi nyuzi 9 chini ya sifuri baada ya umeme kukatika, kipimo kikiwa kimefanyika kwenye chumba cha nyuzi 25. Friza la juu la friji la kawaida au la nofrosti mara nyingi hupewa saa kati ya 8 na 16. Difriza hupewa zaidi ya 20, na mengine hupita 30. Kwetu ambako chumba kina nyuzi 30 na zaidi, punguza.

Difriza hushinda kwa sababu mbili. Kuta zake ni nene, na hewa baridi ni nzito: ukifungua kifuniko cha juu, ubaridi unabaki chini ulikokuwa, lakini ukifungua mlango wa mbele unamwagika miguuni mwako. Nofrosti ndiyo dhaifu zaidi kati ya tatu hizi. Ubaridi wake unaletwa na feni, na feni ikisimama hakuna kuta zenye barafu za kuendelea kupoza. Friji la kawaida liko katikati, na ile barafu ya ukutani ambayo watu huilalamikia huwa msaada mdogo usiku wa giza.

Kwa aina yoyote, nafasi tupu ijaze chupa za maji zilizogandishwa (usizijaze hadi shingoni, maji yakiganda hutanuka). Zinaongeza saa. Na ukisafiri kwenda Dar, acha kikombe cha maji yaliyoganda ndani ya friza, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukakuta sarafu imezama, umeme ulikatika muda mrefu ukarudi, na kilichomo kiliyeyuka kikaganda tena. Usikile kwa kukisia, na hasa samaki.

Nasema hasa samaki kwa sababu jodari, kibua, nguru na dagaa wana hatari ambayo watu wengi hawaijui. Wakikaa kwenye joto, bakteria huzalisha histamini ndani ya nyama yao. Ukimpika samaki huyo bakteria hufa, lakini histamini inabaki vilevile. Kukaanga, kuchemsha au kubanika hakuiondoi. Mlaji anawashwa, anakuwa mwekundu usoni, kichwa kinagonga, anatapika au anaharisha. Samaki anaweza asinuke vibaya hata kidogo. Kwa hiyo familia inayoishi kwa samaki inapochagua friji inachagua pia usalama wa sahani yake.

Samaki wa mkupuo

Hili ndilo jambo linalowatenganisha wanunuzi wa pwani na wa bara, na maduka hayalisemi.

Ukienda soko la samaki la Feri asubuhi, samaki wakiwa wengi bei inashuka, na mwenye akili anabeba ndoo. Kilo 15 za kibua zinaingia kwenye friji la kawaida la milango miwili. Sasa soma kibandiko: uwezo wa kugandisha, mara nyingi, ni kilo 2 hadi 4 kwa saa 24. Zile kilo 15 zenye joto la nje hazigandi usiku ule. Zinapasha joto nyama na kisamvu vilivyokuwa vimeganda, kompresa inanguruma usiku kucha bila kupumzika, na samaki wa katikati ya lundo anafika siku ya pili akiwa na ubaridi tu. Halafu tunasema friji bovu.

Difriza la lita 200 hivi huandikwa kilo 10 na kuendelea kwa saa 24, mengine karibu 20. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia. Nofrosti za ukubwa wa kati hukaribiana na friji la kawaida au huzidi kidogo, na feni yake husaidia vifurushi vidogo kuganda haraka. Lakini feni hiyo hiyo hukausha: samaki asiyefungwa vizuri hupata mabaka meupe, na nyama yake huwa kama majani makavu mdomoni.

Kama unalo tayari friji la kawaida, usikate tamaa. Paa samaki, toa matumbo, osha, mwagia barafu ya kununua wakae baridi kwenye ndoo, kisha gandisha kwa mafungu ya kilo mbili au tatu. Funga kwenye mifuko bapa, si mabonge, na uegemeze mifuko kwenye kuta za friza. Kifurushi chenye unene wa vidole viwili huganda haraka mara nyingi kuliko bonge la ukubwa wa nazi. Samaki wenye mafuta kama kibua na jodari wale ndani ya miezi miwili au mitatu. Changu na chewa huvumilia hadi nusu mwaka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Pweza ni habari nyingine, kumgandisha humsaidia. Barafu hukata nyuzi za nyama yake, na akiyeyushwa hulainika bila kupigwa sana.

Vitu vingine vyetu vinavyofurahia friza: kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa, tui zito lililogandishwa kwenye vibweta vya barafu, juisi ya mabibo msimu ukiwa umefurika. Lakini mchicha, nyanya, maziwa ya mtindi na mboga iliyobaki vinataka nyuzi 2 hadi 4 juu ya sifuri, na difriza haliwezi kuvitunza huku linagandisha. Nyumba yenye difriza peke yake huishia kutupa nyanya zilizogeuka mawe. Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari ndiyo kabisa: insulini hutakiwa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda mara moja imeharibika hata kama inaonekana nzima. Iweke rafu ya kati, mbali na mlango na mbali na ukuta wa nyuma.

Uniti za LUKU

Kwa bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na akizidi, uniti za juu shilingi 350. Mteja wa kawaida shilingi 292, ambayo ukijumlisha VAT na tozo za REA na EWURA inakuwa kama 356. Ukiwa kwenye kundi la matumizi madogo, friji ndicho kifaa kinachoweza kukutoa humo. Taa, televisheni na feni haziwezi peke yake kufikisha uniti 75 kwa urahisi. Friji linalokula uniti 1.2 kwa siku linachukua 36 kwa mwezi, karibu nusu ya kiwango chote.

Kwa makadirio, friji la kawaida la milango miwili la lita 150 hadi 220 hula uniti 0.6 hadi 1 kwa siku. Nofrosti ya lita 300 hivi hula 0.8 hadi 1.3, kwa kuwa kuna feni na hita. Difriza la lita 200 huwa kati ya 0.6 na 1.2, kutegemea unene wa kuta na mara ngapi unafungua. Kompresa ya inveta, ambayo hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, hushusha matumizi kwa kiasi kinachoonekana, na nofrosti ya inveta inaweza kula kidogo kuliko friji la kawaida la zamani. Tofauti ya nusu uniti kwa siku ni uniti 15 kwa mwezi. Kwa bei ya 356 ni zaidi ya shilingi 5,300 kila mwezi, na kwa mwaka inakaribia 64,000. Miaka minane ya hiyo tofauti ni pesa ya friji jingine.

Usimwamini muuzaji, wala mimi: ipime mwenyewe. Usiku mmoja zima kila kitu isipokuwa friji, soma uniti kwenye mita ya LUKU, soma tena asubuhi. Zigawe kwa saa zilizopita, zidisha kwa 24. Joto la mchana na watoto wanaofungua mlango vitaongeza kidogo.

Wanaofikiria kuuza barafu na malaiti ya watoto wafanye hesabu moja zaidi. Kugandisha lita 10 za maji yenye joto la hapa hula karibu uniti moja kwenye difriza la kawaida. Ukilipa 356 kwa uniti, jua ndani ya vifuko vyako kuna shilingi ngapi za umeme kabla hujapanga bei, halafu ongeza sukari na vifuko vyenyewe.

Fundi yuko wapi

Friji la kawaida lina kompresa, themostati, rilei na taa. Fundi yeyote mzuri wa Mtwara mjini, Lindi, Nachingwea au Masasi anavijua kwa mikono, na vipuri vipo. Nofrosti inaongeza feni, hita, sensa na bodi ya umeme. Vikifa, fundi anaweza kugundua tatizo haraka lakini bodi ya aina yako ikasubiriwa kutoka Dar. Na barabara yetu ni moja. Kimbunga Hidaya Mei 2024 kilipoleta mvua na madaraja kukatika upande wa Somanga, kila kitu kilisubiri. Kwa mtu wa Liwale au Newala naliona hili kuwa sababu nzito ya kutochukua nofrosti. Kwa mtu wa Shangani mwenye fundi mtaa wa pili, si nzito kiasi hicho.

Gesi nayo iangalie. Mafriji mapya mengi hutumia R600a, na kwenye kompresa huwa na alama ya moto. Inapoza vizuri na haili umeme mwingi, lakini inawaka. Fundi anayetaka kuunganisha bomba kwa moto kabla hajaitoa yote na kupitisha hewa, mzuie. Na asikujazie R134a ndani ya kompresa ya R600a kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye mtungi. Litapoza wiki mbili, halafu utanunua kompresa.

Kuna jambo la waya za nyuma, zile zinazotoa joto nje. Mafriji mengine yana waya nyeusi zilizo wazi mgongoni, mengine yamezificha ndani ya ubavu, ndiyo maana ukigusa ubavu wake unauona wa moto. Karibu na bahari, waya wazi hupata kutu kwa hewa ya chumvi na hukusanya vumbi, lakini fundi anazifikia na kuzibadilisha. Zilizofichwa hazichafuki, ila bomba likitoboka ndani ya povu mara nyingi ndio mwisho wake. Mimi ningechagua waya wazi, nikazipiga brashi laini kila baada ya miezi mitatu, friji likiwa limechomolewa.

Jipya au la mtumba kutoka Ulaya

Mtumba wa Ulaya una sifa yake: kuta nzuri, raba ngumu, plagi ya Uingereza inaingia kwenye soketi zetu, na umeme ni uleule wa volti 230. (Wa Japani au Marekani ni wa volti 100 hadi 120, uache.) Tatizo liko kwenye daraja la hali ya hewa, herufi ndogo kwenye kibandiko. SN ni kwa chumba cha nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43. Friji la N lililotunza siagi vizuri miaka tisa Birmingham linafika Mikindani, jiko la bati, mchana wa Februari, na halipumziki tena hadi life. Tafuta T, au kibandiko kinachoanza na SN au N na kuishia T. ST ni kwa nyumba yenye dari na upepo.

Usidanganyike pia na alama za A+ na A++ kwenye mtumba. Lebo hizo za zamani zilipimwa kwenye nyuzi 25, na Ulaya yenyewe iliziacha Machi 2021 ikarudi kwenye A hadi G. Nyota za friza, ambazo ni muhimu zaidi, zinasomeka hivi: nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18, na nne ni 18 pamoja na uwezo wa kugandisha chakula kibichi. Kwa samaki chukua nne. Friza la nyota moja linatosha barafu za chai, si zaidi.

Kabla ya kulipia mtumba, omba liwashwe usiku kucha dukani likiwa na bakuli la maji ndani. Muuzaji anayekataa amekujibu.

Ningempa nani nini

Mtu mmoja au wawili waliopanga chumba Mtwara mjini: friji la kawaida la lita 90 hadi 150, jipya, daraja la T. Hakuna haja ya kwenda mbali.

Familia ya watu watano hadi wanane inayonunua samaki kwa wiki: friji la kawaida la lita 200 hivi lenye friza kubwa, na pesa ikiruhusu mwaka unaofuata, difriza dogo la lita 100 pembeni. Hivi viwili pamoja huwa vinafaa kuliko nofrosti moja kubwa ya bei ileile, na kimoja kikiharibika nyumba haisimami. Hapa nina uhakika kuliko popote kwenye ulinganisho huu.

Mvuvi, mama wa samaki wa kukaanga, mwenye genge la vinywaji: difriza, na uangalie kilo za kugandisha kabla ya lita.

Nofrosti naipendekeza kwa wazee wasioweza kuinama kuyeyusha barafu, na kwa nyumba ambayo watu wote wako kazini na hakuna wa kuifanya kazi hiyo. Wachukue ya inveta, wafunge vyakula vyote, na wanunue kinga ya umeme siku ileile.

Kwa kijiji ambacho nguzo hazijafika, yapo madifriza ya sola ya volti 12 au 24 yanayoendeshwa na betri moja kwa moja. Ni ghali, ila kompresa zake zimebuniwa kwa kazi hiyo. Kuunganisha friji la kawaida na mashine ndogo ya kugeuza umeme huishia na mashine kuungua, kwa kuwa kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida.

Gadi au stabilaiza

Umeme ukikatika na kurudi ndani ya sekunde chache, kompresa inajaribu kuanza huku mgandamizo wa gesi haujashuka, na hapo ndipo inapochoka. Friji gadi hukata umeme ukiwa chini sana au juu sana, kisha hungoja dakika chache kabla ya kuurudisha. Kwa mjini inatosha. Stabilaiza hunyanyua au kushusha volti, na inafaa mwisho wa laini ambako jioni taa zinakuwa za njano. Chukua ya VA 1,000 au zaidi. Kama huna vyote viwili, umeme ukikatika chomoa, na ukirudi hesabu dakika tano ndipo uchomeke.

Siku ya kwanza na miezi inayofuata

Friji lisafiri limesimama. Likilazwa kwenye lori kutoka Dar, mafuta ya kompresa hupanda kwenye mabomba. Lisimamishe nyumbani hadi kesho yake ndipo uwashe. Liache tupu likiwa limewaka hadi lipoe, kisha anza kupakia kidogo kidogo.

Nyuma acha nafasi ya kiganja kizima, juu na ubavuni pia. Mama mmoja wa Ligula alimwita fundi akidhani gesi imekwisha. Fundi akalivuta friji mbele, akagusa mgongo wake akautoa mkono haraka. "Mama, hili halina ugonjwa. Mmelibana na ukuta na jiko la mkaa liko hapo hapo." Walilihamishia sebuleni, mbali na dirisha la jua, likapoza.

Miguu ya mbele ipande kidogo kuliko ya nyuma ili mlango ujifunge wenyewe. Raba ya mlango ijaribu kwa noti: ifungie mlangoni uivute, ikitoka bila ubishi raba imechoka au imechafuka. Osha raba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, maana unyevu wa pwani huleta ukungu mweusi kwenye mikunjo yake. Namba kubwa kwenye themostati ni baridi zaidi, si joto zaidi. Weka katikati, kisha rekebisha kwa kipimajoto cha bei ndogo: nyuzi 4 au chini yake kwenye rafu, 18 chini ya sifuri kwenye friza.

Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, yeyusha. Zima, fungua, weka sufuria ya maji ya moto ndani, subiri. Kisu hakiingii humo kwa sababu yoyote. Bomba la gesi liko nyuma ya ukuta mwembamba, na tundu la ncha ya kisu linaweza kugharimu friji zima.

Risiti ya EFD na karatasi ya waranti zihifadhi pamoja. Soma waranti inahusu nini: ile miaka 10 inayotangazwa mara nyingi ni ya kompresa peke yake, na bodi, feni na raba hupewa mwaka mmoja au miwili. Kabla ya kutoa pesa muulize muuzaji swali moja: likiharibika, fundi wa waranti yuko hapa Mtwara au mimi ndiye nitakayelipakia kwenda Dar? Jibu liandikwe nyuma ya risiti, na duka ligonge muhuri.